Shajara ya mradi: kupambana na gugu karoti katika shamba la mizabibu, Makutupora

Shajara hii naiweka kwa ajili ya wakulima wenzangu wa zabibu, na kwa yeyote anayelima kwa umwagiliaji wa matone au kwa samadi ya kununua katika Dodoma na mikoa ya jirani. Shamba ni ekari moja na nusu, upande wa Makutupora, si mbali na barabara kuu ya Kondoa. Sehemu kubwa ni zabibu aina ya Makutupora Nyekundu, na mistari michache ni Chenin Blanc. Maji yanatoka kisimani, yanapita kwenye mipira ya matone. Hatua zilizokwenda vizuri nimezipitia haraka, na zilizoshindikana nimezieleza kwa kirefu ili mwingine asilipie tena yale ambayo yameshalipiwa hapa.

14 Januari 2023: kulitambua

Mvua zilipotupa nafasi tukaingia palizi, na pale ilipokuwa imemwagwa samadi tukakuta mmea ambao hakuna aliyekuwa na jina lake. Kibarua mmoja alisema ni karoti zilizojiotea. Mwingine akasema mbangi mwitu. Si hiyo wala hiyo. Mbangi mwitu ukilifikicha jani lake, harufu inakufikia kabla hujaliinua puani, na karoti haipandishi shina gumu namna ile wiki chache baada ya kuota.

Hili ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus, jina ambalo Linnaeus alilichapisha mwaka 1753. Ni la ukoo mmoja na alizeti, wala karoti si ndugu yake. Kwao ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko. Kulitambua likiwa changa ndiyo nusu ya kazi yote, kwa hiyo naomba msomaji avumilie maelezo haya.

Mche mchanga umelala chini. Majani yote yanatoka sehemu moja na kusambaa duara, yamechanikachanika sana, rangi yake ni kijani kilichofifia, na ukiyapapasa unasikia vinyweleo laini. Duara lile linabana ardhi kiasi kwamba hakuna mche mwingine unaopata mwanga chini yake. Baadaye shina linachomoka katikati. Lina mifereji inayokwenda kwa urefu, nalo lina vinyweleo, na kwa juu linagawanyika matawi mengi. Likipata maji hufika mita moja na nusu, hata mbili. Mzizi wake mkuu ni mmoja, unakwenda chini moja kwa moja.

Ua lake ni dogo, upana wa milimita nne au tano hivi, jeupe. Niliweka moja kiganjani nikalikuza kwa kamera ya simu. Lile tunaloliita ua ni kichwa chenye vijiua vingi, na pembeni yake kuna pembe tano, kila pembe na kijiua chenye ulimi mfupi mweupe. Vijiua vya katikati havizai. Vile vitano vya pembeni ndivyo vinavyotoa mbegu, kila kimoja mbegu moja: nyeusi, bapa, urefu wa milimita mbili, ubavuni imeshikiliwa na vipande viwili vyepesi vinavyoisaidia kuelea majini. Mbegu tano kwa kichwa unaweza kuziona chache mpaka uhesabu vichwa. Mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, na unaweza kuanza kutoa maua wiki nne tu baada ya kuota.

Sasa lilifikaje hapa? Tazama lilivyofika kwingine. India lilianza kuonekana Pune katika miaka ya 1950, na wengi wanalihusisha na ngano iliyoletwa kutoka Marekani. Australia liliingia zaidi ya mara moja. Kule Clermont, Queensland, karibu mwaka 1960, lilikuwa ndani ya mbegu za nyasi za malisho zilizotoka Texas. Ethiopia linahusishwa na nafaka ya msaada na misafara ya magari ya vita vya miaka ya 1970. Kwetu Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Upepo na maji vinalisogeza jirani kwa jirani, lakini safari zake ndefu zote limebebwa na watu: ndani ya magunia, kwenye tope la matairi, tumboni na kwatoni mwa mifugo, kwenye mchanga wa ujenzi. Mji wetu unajengwa usiku na mchana, malori ya mchanga na kifusi hayalali, na barabara ya kaskazini sasa ni lami mpaka Arusha. Kwa mmea wa aina hii mazingira hayo yametosha.

Kwa shamba hili naamini ni samadi. Mimea yote ya kwanza ilikuwa imefuata mistari iliyowekwa samadi, na mistari isiyowekwa haikuwa na hata mche mmoja.

29 Januari 2023: fyekeo halikusaidia

Tulianza na kufyeka, kwa sababu ndivyo tunavyofanya kwa magugu marefu kati ya mistari. Vibarua wawili, shilingi 20,000. Shamba likawa safi kwa macho.

Baada ya muda mfupi vile visiki vikachipua. Palipokuwa na shina moja pakawa na matawi manne au matano, mafupi, yanayotoa maua karibu kabisa na ardhi ambako fyekeo haliwezi kufika tena. Ukilikata juu ya shingo ya mzizi, linaanza upya kutoka kwenye shingo ile ile. Kufyeka kumefanya kazi ya kung'oa iwe ngumu zaidi, maana sasa hakuna shina refu la kushika.

Jirani alijaribu moto upande wake wa mpakani. Mimea mibichi ilinyauka bila kuungua, nyasi zilizokuwa zikishindana nayo ndizo zilizoteketea, na mvua iliyofuata ikaikuta ardhi wazi. Miche ya gugu karoti ikaota pale kwa wingi kuliko mwanzo. Moto tumeuacha.

18 Februari 2023: kung'oa, na namna ya kung'oa

Kinachofanya kazi ni kung'oa na mzizi wake, ardhi ikiwa na unyevu, kabla ya maua. Udongo wetu mwekundu wa kichanga ukilowa unauachia mzizi mkuu bila shida. Ukikauka, shina linakatika mkononi na mzizi unabaki. Kwa hiyo tunaingia siku inayofuata mvua, asubuhi, na kijembe kidogo kwa ile migumu.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu ni suala la afya ya watu. Mmea huu una kemikali iitwayo parthenini, iliyoko kwenye majani, kwenye vinyweleo na kwenye maua. Ngozi ya baadhi ya watu huipokea vibaya sana, na anayeguswa nayo mara kwa mara anaweza kuanza kuwashwa hata kama siku za kwanza hakusikia kitu. Chavua yake inaleta mafua ya mzio na kuamsha pumu. Mama mmoja kati ya waliotusaidia kung'oa alivaa kanga mabegani na mikono yake ilikuwa wazi. Jioni ngozi kuanzia kiganjani hadi kiwikoni ilikuwa imetoka vipele vyekundu, na kope zimevimba pale alipojifuta jasho. Alikwenda zahanati, akatibiwa, na hakurudi kwenye kazi ile. Haifai kumrudisha mtu aliyekwisha kupata mzio wa mmea huu, hata ukimvika nini.

Tangu siku hiyo hakuna anayeingia bila glovu ndefu za mpira, shati la mikono mirefu, suruali na barakoa. Jozi nne za glovu, 24,000. Boksi la barakoa, 8,000. Nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Watoto hawaingii kabisa, hata kwa kuteka maji. Ujira wa palizi yote ya kung'oa msimu huu ni 120,000, na sikuona namna ya kuupunguza.

Jambo la pili lililotusumbua ni mahali pa kuweka mimea iliyong'olewa. Tulirundika kando ya njia. Ile isiyo na maua ilikauka na kuisha. Ile yenye maua iliendelea kukomaza mbegu ikiwa imelala pale pale, na mvua ilipopiga, miche ikaota kuzunguka rundo na kufuata njia. Utaratibu wa sasa ni huu: usio na maua unalazwa juani mizizi juu. Wenye maua unaingizwa kwenye kiroba palepale ulipong'olewa, taratibu, bila kupigwapigwa kutoa udongo, kiroba kinafungwa mdomo na kuachwa juu ya sakafu ya saruji mpaka kikauke kabisa, kisha kinachomwa kikiwa bado kimefungwa.

12 Machi 2023: dawa

Kwenye njia na mpakani, mbali na mizabibu, tulijaribu glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kwa miche iliyolala chini. Lita moja 18,000, kukodi bomba la kupulizia 5,000, mpulizaji 10,000. Miche ilikufa. Mimea iliyokwisha kutoa maua iligeuka njano, lakini mingi ilifika mwisho wa kukomaza mbegu kabla haijafa, kwa hiyo kwa mimea hiyo fedha ilipotea. Ikumbukwe pia kwamba nchini Colombia kuna magugu karoti yaliyokwisha kuizoea glaifoseti. Anayeitegemea hiyo peke yake kila msimu anaandaa tatizo jingine.

Kuhusu 2,4-D nasema kwa nguvu zote: usiilete karibu na mizabibu. Duka la pembejeo tulilokwenda lilitushauri tuitumie, na ni kweli inaua magugu ya majani mapana bila kugusa mahindi. Lakini mzabibu nao una majani mapana, na ni miongoni mwa mazao yanayoumizwa mapema kabisa na dawa hiyo, hata na mvuke unaoletwa na upepo kutoka shamba la mbali. Sisi hatukuipiga. Hata hivyo mstari wetu wa mwisho, unaopakana na mahindi yaliyopuliziwa dawa ya aina hiyo, ulitoa majani mapya yaliyojikunja na kupungua upana, mishipa imesogeleana na kwenda sambamba, ncha zimechongoka. Vichala vya mstari ule vilishika zabibu chache. Nimezungumza na jirani mwenyewe kwa heshima, naye amekubali kupiga asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, na kuacha mistari kadhaa ya mahindi upande wetu bila kuipiga.

27 Mei 2023: kiangazi kimefika, gugu liko pale pale

Mvua zimekatika. Nje ya uzio kila kitu kimeanza kukauka, gugu karoti nalo. Wengi hapa wanasema kiangazi cha Ugogo kitalimaliza, miezi saba bila mvua si mchezo. Kwenye shamba la mtama la kutegemea mvua, mmea wenyewe ni kweli utakufa, ingawa mbegu zinasubiri. Kwenye shamba la matone haufi. Kila kitoneshi kina duara la unyevu chini yake, na kila duara lina kijani. Pale ambapo kiungio cha mpira kinavuja nilikuta vizazi vitatu pamoja: miche iliyolala, mimea yenye maua, na mikongwe iliyokwisha kumwaga. Mmea huu huota katika joto la chini na la juu pia, na hauulizi kalenda maadam kuna maji. Shamba la zabibu lililomwagiliwa linalilea gugu wakati wote ambao mashamba mengine yanakauka, na mvua za Desemba zikianza mbegu zinatoka kwetu kwenda kwa majirani wenye mtama na uwele.

Hilo la mtama si dogo. Majaribio ya Ethiopia yameonyesha gugu hili likiachwa msimu mzima linapunguza mavuno ya mtama kwa asilimia 40 hadi 97. Mkoa unaokula ugali wa mtama hauwezi kulichukulia kuwa ni tatizo la wenye zabibu.

Tulichofanya: viungio vyote vinavyovuja vimebadilishwa, 45,000. Chini ya mizabibu tumetandaza mabua ya mtama yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja, ili unyevu ubaki na mwanga usiifikie ardhi. Mabua tulipewa bure. Palipotandazwa vizuri, miche imepungua sana na michache inayotokea inang'oka kwa vidole viwili.

Kuna kijana aliyekuja na ushauri wa kuleta trekta kati ya mistari na kulima kwa kina ili kuzifukia mbegu. Tulikataa, na sababu ni hii: mbegu zinazobaki juu ya udongo hupoteza uhai ndani ya miezi, ama zinaota na kung'olewa. Zilizofukiwa hukaa hai kwa miaka. Australia, mbegu zilizozikwa zimekutwa nyingi zikiwa bado nzima baada ya miaka miwili. Kuzifukia ni kuzihifadhi, na siku jembe litakapozipandisha juu utaanza upya.

6 Agosti 2023: beseni la samadi

Zabibu za kiangazi zinakaribia kuvunwa, na baada ya kupogoa mizabibu itahitaji samadi. Hatuwezi kulima zabibu bila samadi. Swali ni jinsi ya kujua iliyo salama kabla haijashushwa.

Tulichukua samadi kutoka maboma mbalimbali, konzi kadhaa kutoka sehemu tofauti za kila rundo, si juu tu. Kila sampuli ikatandazwa kwenye beseni pana lililotobolewa chini, unene wa vidole viwili, ikamwagiliwa na kuwekwa kivulini penye mwanga. Beseni moja 4,000. Kisha tunasubiri wiki mbili hadi tatu. Mwenye kuijua ile miche iliyolala, yenye majani yaliyochanika, ataitambua ikiwa na majani manne tu.

Samadi ya boma moja ambalo ng'ombe wake hulishwa majani yaliyokatwa kandokando ya barabara ilitoa miche ya gugu karoti. Samadi ya boma ambalo mifugo yake hukaa mbugani na kurudi haikutoa hata mmoja, ingawa ilitoa mchicha pori mwingi, ambao haunisumbui. Rundo la mchanga wa ujenzi lililokuwa limemwagwa karibu na kisima nalo tulilipima hivyo hivyo, nalo likatoa miche. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini upande wa kisima haukuwa unaisha.

Mama mmoja jirani mwenye mbuzi aliniuliza, "Mwalimu, si ungeniachia nichungie humu, wakakusaidia kulimaliza?" Nikamwomba asifanye hivyo. Mbuzi watalidokoa wakikosa kingine, lakini maziwa na nyama ya mnyama aliyelila huingia uchungu, likizidi kwenye chakula chake linamdhuru, na mbegu anazomeza au kubeba kwatoni atazipeleka anakolala. Nimemruhusu achukue nyasi safi zilizofyekwa upande wa mashariki, ambako gugu halijafika.

1 Oktoba 2023: mboji ya moto

Samadi isiyo na mbegu ilikuwa chache kuliko tulichohitaji, kwa hiyo ile nyingine tukaamua kuipika. Mbegu za magugu huuawa na joto la rundo la mboji likipanda hadi nyuzi 55 au 60 na kubaki hapo siku kadhaa.

Rundo la kwanza halikupata joto. Samadi ya Dodoma mwezi wa nane ni kavu kiasi kwamba inapeperuka, na tuliirundika kama ilivyo. Tulipochomeka nondo katikati na kuichomoa baada ya dakika chache, ilikuwa vuguvugu tu. Kipimo cha beseni kikathibitisha: mbegu zilikuwa hai.

Rundo la pili lilijengwa hivi: tabaka la samadi, tabaka la majani mabichi na maganda ya zabibu yaliyobaki baada ya kukamuliwa, maji yanamwagwa kila tabaka mpaka ukikamua konzi moja yatoke matone machache, upana na kimo visipungue mita moja na nusu, juu likafunikwa turubai. Safari hii nondo ilitoka moto kiasi cha kutoshikika. Joto lilipoanza kushuka tukaligeuza, sehemu za nje zikaingia ndani, maji yakaongezwa. Hatua hii ya kugeuza ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa sababu ukingo wa nje haupati moto hata siku moja na mbegu zilizopo pale zinasalimika. Tuligeuza mpaka rundo likakataa kupanda joto tena. Beseni la mwisho halikutoa mche wowote wa gugu karoti.

Maji na ujira, 70,000. Turubai na nailoni, 60,000. Ile nailoni inayopitisha mwanga tuliitandika juu ya udongo uliolowekwa pale palipokuwa na mchanga wa ujenzi, kingo zikafukiwa, ikaachwa ipigwe na jua la Septemba. Tulipoitoa na kumwagilia, miche iliyotokea ilikuwa ya pembeni tu, pale ambapo upepo ulikuwa umeifunua.

17 Desemba 2023: maji ya korongo

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeonya mapema kuhusu El Niño, na mvua zimekuja kweli. Ni msimu ule ule ulioleta maafa ya maporomoko ya tope ya Hanang tarehe 3 mwezi huu, Mungu awapumzishe waliopotea. Kwetu korongo la kaskazini lilifurika na kuingia shambani upande wa chini. Maji yalipokauka, tope lilikuwa limeacha mstari wa takataka nyepesi kukatiza mistari ya mizabibu, na katika mstari huo huo, wiki chache baadaye, miche ya gugu karoti iliota imejipanga kana kwamba imepandwa kwa kamba.

Kazi ya mwaka ilikuwa imekwenda vizuri upande wa ndani, na nilisikitika. Lakini pia ilituonyesha wapi pa kutazama. Tulipanda na korongo kwa miguu hadi tukafika kwenye eneo la kuegeshea malori. Pale gugu limesimama kimo cha mtu, maua meupe tupu.

Hatua: tuta la udongo upande wa korongo, na mtaro wa kuyageuza maji, 80,000. Miche yote ya kwenye mstari wa tope iling'olewa ikiwa bado imelala. Kuhusu pale penye malori, tulikwenda na majirani wenye mashamba kando ya korongo kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaeleza, tukang'oa pamoja tukiwa tumevaa glovu. Kila mmoja alileta viroba vyake.

24 Februari 2024: nyasi

Ardhi iliyong'olewa na kuachwa wazi ni mwaliko. Mpakani, kwenye tuta na kwenye njia, tumepanda nyasi aina ya Cenchrus ciliaris, zile zile zinazotawala malisho ya Kongwa. Zinaustahimili ukame wetu, mizizi yake inashika tuta, na Australia zimo katika orodha ya nyasi zinazolibana gugu karoti zikiachwa zikashiba bila kulishwa kupita kiasi. Chini ya mizabibu hatukupanda, kwa kuwa zitagombea maji na zabibu.

Kilo tatu za mbegu, 45,000, kutoka kwa mfugaji. Kabla ya kupanda tulizimwaga kidogo kidogo juu ya karatasi nyeupe na kuzichambua, kwa sababu ya yale ya Clermont: gugu liliingia kule kwa mlango huu huu wa mbegu za nyasi. Sehemu ikawekwa kwenye beseni. Zilikuwa safi.

Kupanda kwa kwanza hakukushika vizuri. Mbegu zake ni nyepesi, zina manyoya, na zilizofukiwa kwa jembe hazikutoka. Zilizotawanywa juu ya udongo uliokwaruzwa kwa reki na kukanyagwa kidogo ndizo zilizoota. Mwezi wa kwanza inabidi kung'oa gugu karoti katikati ya nyasi changa; zikishakutana majani, kazi inapungua.

20 Aprili 2024: hali ilivyo, na gharama

Ndani ya mizabibu gugu lipo kwa mche mmoja mmoja, na tunapita kila baada ya wiki mbili ili pasiwe na mmea unaofika kwenye ua. Upande wa korongo bado ni vita. Upande wa kisima pamekuwa safi tangu nailoni itandikwe.

Gharama hadi leo: kufyeka 20,000, glovu na barakoa 32,000, kung'oa 120,000, dawa 33,000, viungio vya mipira 45,000, mboji 70,000, turubai na nailoni 60,000, tuta 80,000, mbegu za nyasi 45,000, na palizi ndogo za marudio 110,000. Jumla 615,000, mbali na mabeseni. Ningekuwa naanza leo, ningeanza na beseni, na sehemu kubwa ya orodha hii isingekuwepo.

Wengi wameniuliza kuhusu mende anayekula gugu hili. Yupo: Zygogramma bicolorata, asili yake Meksiko, mwenye mabawa ya rangi ya maziwa yenye mistari ya kahawia. Aliachiwa Australia mwaka 1980 na India mwaka 1984, na baadaye Afrika Kusini na Ethiopia. Yeye na viwavi wake hula majani mpaka mmea unabaki vijiti. Lakini mdudu wa kigeni haletwi kwa mfuko wa bodaboda. Anapimwa kwanza kama hataligeukia zao, na kwetu wenye mamlaka hiyo ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake Arusha. Ukilikuta gugu mahali papya, piga picha ya majani ya chini na ya ua kwa karibu, mpelekee afisa ugani wa kata, kisha ling'oe bila kusubiri jibu.

Kinachofuata: kupima samadi ya msimu ujao mwezi Julai, kuzidisha nyasi upande wa korongo kwa mbegu zetu wenyewe, na kukubaliana na majirani siku moja ya kung'oa pale penye malori mara mvua za Desemba zitakapoanza, kabla mimea haijatimiza wiki nne.